Mkono wa Mwalimu Mchome

Ute uliokuwa ukimtoka Mwalimu Mchome puani ulinuka yai viza, na kila aliyepita wodini alimpongeza kwa hilo.

"Hongera, Mwalimu! Leo umetoka mwingi kweli!"

Ulikuwa na rangi ya maji ya mchicha na ulivutika kama mlenda. Muuguzi aliukinga kwenye kikopo, akaupima kwenye mzani mdogo, akatabasamu. Nakijwa alisimama mlangoni na begi lake begani, mate yamemjaa mdomoni, akijikaza asije akatapika mbele za watu.

"Usikae mbali na baba yako," mama yake alimwambia, akamnyooshea pamba. "Njoo umfute."

Lo! Safari yote ile kutoka Singida, treni mbili na usiku mzima bila usingizi, halafu makaribisho yenyewe ni makamasi. Alimfuta. Ute ukamganda vidoleni, wa uvuguvugu, na yule mzee akamwangalia kwa macho laini, akasema taratibu, neno moja moja, "Asante, mwanangu."

Nakijwa alirudisha mkono wake haraka kama mtu aliyeshika pasi ya moto. Katika miaka thelathini na minane ya maisha yake hakuwahi kuambiwa asante na mtu huyu.

Huyu Mwalimu Mchome alikuwa mkuu wa shule ya msingi huko milimani Upare kwa miaka ishirini na sita. Miezi miwili iliyopita kiharusi kilimwangusha bafuni, kikaondoka na ulimi wake na upande wake wote wa kulia. Zamani angelala hivyo mpaka mwisho wake. Lakini hii si zamani. Mkewe alimleta hapa Same, kwenye Kituo cha Machipukizi, ambako watu huoteshwa ubongo mpya pale ulipokufa ule wa kwanza. Ute ule ulikuwa mabaki ya lishe ya seli, na seli zikila vizuri, pua inatiririka. Ndiyo sababu ya hongera zote zile.

Nakijwa, mtoto wao wa pekee, alikuwa fundi wa mitambo ya upepo na hakuwa amekanyaga kwao kwa miaka kumi na tisa. Hakuja kwa mapenzi, tusidanganyane. Kwanza, kanuni za Kituo zilidai sahihi ya kila mtoto aliyelelewa na mgonjwa. Pili, alikuwa na haja yake mwenyewe, moja tu. Sikio lake la kushoto lilikufa akiwa na miaka kumi na mmoja, Jumapili moja baada ya ibada, kwa kofi moja la mkono wa kulia wa Mwalimu. Kosa lake lilikuwa kumwaga chai juu ya madaftari ya wanafunzi. Alitaka kulisikia neno moja kwa sikio lililobaki, kutoka kwenye kinywa kile kile: nilikupiga. Basi. Msamaha hakuutaka, na fidia hakuitaka.

Hiyo ilikuwa siku ya thelathini na saba ya matibabu. Zilibaki tatu.

*

"Ninyi mlio mbali mnakujaga mwishoni," alisema Dokta Bupe, lakini hakusema kwa ubaya. Alikuwa mwanamke wa Mbeya, mfupi, mwenye haraka, na alikuwa akila karanga huku akifungua picha ya ubongo kwenye kioo cha ukutani. "Tazama. Hizi za kijani ni seli mpya. Tumezitengeneza kutoka ngozi ya paja lake mwenyewe, tukazirudisha uchanga, tukampandikiza kwa njia ya pua. Ni zake, ila hazijui kitu. Kama mtoto wa jana."

"Zinajifunzaje?"

"Kwa kuambiwa na kufanyishwa. Siku arobaini. Chochote zitakachorudiwa, zinakishika. Siku ya arobaini nafungua dripu ya mwisho, zinakomaa. Kilichoshika kimeshika. Ambacho hakikushika, ndiyo basi tena, hata uje na nani."

"Na zikiambiwa uongo?"

Dokta Bupe alielekeza kidole juu ya mlango. Kulikuwa na kibao: MGONJWA AAMBIWE YALIYOKUWEPO TU. "Zinashika uongo vile vile. Zenyewe hazina pa kulinganishia. Kwake kumbukumbu na somo ni kitu kimoja. Ukimsimulia alivyokuwa akilima, mikono inajifunza kulima. Ndiyo maana ndugu wote wanasaini kiapo. Mama yako alisaini siku ya kwanza."

Halafu alikigusa kioo, picha ikakua. Katikati ya ule ukijani kulikuwa na doa jeusi, kubwa kama shilingi.

"Hapa ndipo paliponishinda. Mguu umerudi, ulimi umerudi, shingo imerudi. Mkono wa kulia, kimya. Nao ndio ungekuwa mwepesi kuliko vyote! Neno unalirudia mara mia ndipo linashika. Mwendo ukiamka kwa nguvu mara moja tu, unatosha. Kuna kitu alichokuwa akikifanya sana kwa mkono huo?"

Nakijwa alilamba midomo. "Alikuwa mwalimu."

"Kuandika ubaoni tumejaribu. Chaki inaanguka. Fikiria kingine, dada. Ukikipata, nakuomba."

*

Saa kumi jioni ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, na hapo ndipo Nakijwa alipokiona kilichomfanya atapike kwenye sinki la wauguzi.

Waliobuni kanuni ile ya kibao hawakuwa watu wa kwetu. Kwetu mgonjwa hasemwi. Hata awe alikuwa nyoka, ukishafika kitandani kwake na chupa yako ya uji unamwambia maneno mazuri, unamshika mguu, unaaga. Ni adabu tu, hakuna anayeyahesabu maneno hayo kuwa uongo. Kwa siku thelathini na saba, jioni zote, watu wa Upare walikuwa wamekuja kwa adabu zao, na seli zile changa zilikuwa zikiwasikiliza.

"Mwalimu wetu, mtu wa watu!" alisema mama mmoja wa kwaya. "Mpole kama nini!"

Juu ya kitanda, taa ndogo ya kijani ikawaka. Kitu kimeshika.

"Nyumba yako haikuwahi kusikika kelele, Mwalimu. Tulikuwa tunakutolea mfano."

Ikawaka tena. Akafuata Yohana Mbwambo, fundi seremala, ambaye Nakijwa alisoma naye darasa moja. Kidole chake cha kati kilikuwa kimepinda kuelekea pembeni, na darasa zima lilikuwepo siku kilipopindishwa, kwa fimbo ya mkwaju, mbele ya ubao. Kwa mkono huo huo wenye kidole hicho alimshika Mwalimu begani.

"Shikamoo, Mwalimu. Sisi wanafunzi wako tunajivunia. Wewe hukuwahi kumgusa mtoto wa mtu."

Taa ikawaka, ikakaa. Mwalimu Mchome alitikisa kichwa kwa unyenyekevu, machozi yanamlengalenga, ute unamtiririka mdomoni, na Mbwambo akamfuta kwa leso yake mwenyewe. Kwa leso yake mwenyewe, jamani!

Nakijwa alimfuata nje. "Yohana, kidole chako kimepindaje?"

Mbwambo alikitazama kana kwamba amekiokota. "Aa, Nakijwa. Mambo ya zamani hayo. Mtu anaumwa bwana, umwambie nini?" Akapanda pikipiki yake akaondoka zake. Nakijwa akarudi ndani, akaliinamia lile sinki. Wamemvika mzee kilemba cha ukoka, na ukoka umeota mizizi kichwani mwake.

*

Siku ya thelathini na tisa alipewa zamu ya asubuhi peke yake. Mwalimu alikuwa amekalishwa kwenye kiti karibu na dirisha, amenyolewa, ananukia sabuni ya mtoto juu ya lile yai viza. Mkono wa kulia ulilala pajani, mweupe kwa losheni, kucha zimekatwa vizuri.

"Mwanangu," alisema, "mbona kila nikisema unanigeuzia upande huu?"

"Sikio hili halisikii, baba."

Alimwegemea. Kwa mkono wa kushoto, polepole, akaligusa lile sikio, na Nakijwa akahisi ngozi ya mgongo inamsisimka mpaka kisogoni. Aliuvumilia mkono ule kama mtu anayevumilia mende shingoni kwa kuogopa kupiga kelele kanisani.

"Lilikuwaje?"

"Nilipigwa. Nikiwa mtoto."

Uso wa mzee ulikunjamana wote. Alikuwa na uchungu wa kweli, na hilo ndilo lililomchafua Nakijwa moyo kuliko chochote. Hakuigiza. Akasema, "Nani? Nani alimpiga mtoto wangu? Nitajie jina, Nakijwa. Mguu umepona, nitamfuata popote alipo."

Nakijwa alimtazama. Ndani yake kilipanda kicheko, akakimeza.

"Ungemfanya nini, baba? Mkono huo si haufanyi kazi?"

"Huu?" Mzee aliutazama bila majonzi. "Huu nilizaliwa nao hivi hivi. Umelala tangu tumboni. Mama yako ameniambia. Ananiimbia kila jioni wakati ananikanda."

*

Mama Nakijwa alikuwa kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, kule nyuma, anageuza sufuria ya makande. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na tano. Hata akiwa peke yake jikoni alisimama na mabega yamepanda, karibu yaguse masikio. Nakijwa alikuwa amemwona hivyo tangu azaliwe, akadhani ndivyo alivyoumbwa.

"Mama, umemwambia amezaliwa na mkono umekufa."

Mwiko haukusimama. "Punguza sauti."

"Umesaini kiapo! Dokta anahangaika usiku na mchana, kumbe ni wewe unayeuzika mkono huo kila jioni? Kwa wimbo?"

"Kwa wimbo, ndiyo. Ule niliokuwa nakuimbia wewe." Alionja makande, akaongeza chumvi. "Nakijwa, ulimi nimemrudishia. Mguu nimemrudishia, hatua kwa hatua, nimemshika kiuno na mgongo wangu huu. Jina lake, jina lako, nyimbo za kanisani, tunda analolipenda. Nimemrudishia kila kitu chake. Mkono tu nimeubakiza."

"Si haki, mama."

"Haki!" Mama aligeuka, na kwa mara ya kwanza mwiko ukatulia. "Wewe alikupiga mara ngapi?"

Mkono wa Nakijwa ukaenda sikioni.

"Wewe uliondoka ukiwa na miaka kumi na tisa. Mimi nimekaa arobaini na moja. Unajua mwezi huu nimelala vipi? Nimelala chali, mwanangu. Sijui kama unaelewa. Nimelala chali, nikakoroma, nikaambiwa na wenzangu asubuhi kwamba nakoroma." Akacheka kidogo, akafuta jicho kwa pindo la kanga. "Mniache."

Binti alimwelewa, mwacheni asisingiziwe. Lakini pia alimwona mama yake akimkanda mtu jioni, akimwimbia wimbo wa kumbembelezea mtoto, huku anaua kiungo chake kimoja kwa utulivu ule ule aliotilia chumvi. Akaona kinyaa. Akamwona mzee, mtakatifu wa kutengenezwa, anayetafuta mtu aliyempiga binti yake. Akaona kinyaa zaidi. Na katikati ya wote hao, akajiuliza, lile neno langu moja atalisema nani? Kesho saa sita mchana dripu ya mwisho inafunguliwa. Baada ya hapo hakuna mtu duniani atakayekuwa amenipiga.

"Kesho nitamwambia ukweli," alisema.

"Ukimwambia, utauamsha."

"Nitamwambia kwa maneno tu, mama."

Mama aliurudisha mwiko sufuriani. "Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

*

Siku ya arobaini, saa nne asubuhi, alimketisha Mwalimu dirishani, akavuta kiti mbele yake, magoti kwa magoti. Kofia ya nyaya, ile ya kusoma seli, ilikuwa kichwani mwa mzee. Kioo ukutani kilimeremeta kijani, na lile doa jeusi liko pale pale.

"Baba, jana uliniuliza ni nani."

"Ndiyo. Sikulala kwa kuwaza."

"Ni wewe."

Mzee alitabasamu kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya utani. Nakijwa hakutabasamu. Alimsimulia: Jumapili, ibada, chai, madaftari, meza ya mninga, mlio ulioingia sikioni na haukutoka kwa wiki mbili, halafu ukatoka na kila kitu. Alisimulia mara moja, akarudia, akarudia. Taa haikuwaka hata kidogo. Maneno yaliteleza juu ya zile seli. Siku arobaini za sifa zilikuwa zimejaa mle na hapakuwa na nafasi.

"Hapana, mwanangu," alisema mzee kwa huruma. "Umechanganya. Mimi sipigi. Waulize watu, wote wamesema. Na huu mkono ungekupigaje?" Akampapasa shavu kwa ule wa kushoto. "Maskini wee. Umeteseka."

Maskini! Hapo ndipo kitu kilipomkatika Nakijwa. Alikuwa amejiandaa kwa ukali, kwa kelele, hata kwa kiti kutupwa. Kuonewa huruma na mdomo ule hakujiandaa nako. Aliushika ule mkono uliolala pajani. Ulikuwa wa baridi, wenye unyevu wa losheni, mzito kama samaki aliyekufa. Akauinua mpaka usawa wa sikio lake, akaukunjua vidole.

"Hivi," alisema, akajipiga nao. "Ulinipiga hivi."

"Nakijwa..."

"Hivi!" Akajipiga tena, kwa nguvu, mpaka ute ukaruka kutoka puani mwa mzee ukamwangukia kifuani.

Mara ya tatu hakuuvuta yeye.

Mkono ulikuja wenyewe. Ulikuja haraka, umenyooka, kiganja wazi, na ukatua pale pale, kama mtu anayerudi kwake na kujua mlango ulipo. Kiti cha Nakijwa kilipinduka, naye akajikuta sakafuni, shavu linawaka moto. Kengele ya mashine ikalia. Kwenye kioo, lile doa jeusi lilikuwa likijaa kijani kutoka pembeni kwenda katikati, haraka, kwa uzuri kabisa.

Dokta Bupe aliingia mbio na karanga zake mkononi. "Mkono! Jamani, njooni muone, mkono!" Wauguzi wakajaa mlangoni, mmoja akapiga kigelegele. Hakuna aliyemuuliza Nakijwa kwa nini yuko chini. Mama yake alisimama nyuma yao wote, ameshika bakuli la makande kwa mikono miwili.

"Mwalimu," Dokta Bupe alimchuchumalia, "hebu niambie, mlikuwa mnazungumza nini na binti yako?"

Mzee alifikiri. Alikuwa akiutazama mkono wake kwa mshangao, anaukunja na kuukunjua.

"Alikuwa ananifundisha kuunyanyua," alisema. "Ana moyo mzuri sana, mtoto huyu."

Nakijwa aliinuka akashika ukuta. Mwendo mara moja, neno mara mia. Alikuwa ameambiwa. Alikuwa ameambiwa waziwazi, na karanga zinatafunwa.

Dokta alileta fomu na kalamu. Chupa ya dripu ya mwisho ilikuwa imekwisha kutundikwa, maji yake ni meupe tu kama maji ya kunywa. "Imebaki sahihi yako. Swali ni hilo hilo la kila mtu: kuna lolote lililoota ambalo halikuwa lake? Cha leo bado ni kichanga, nikikipogoa sasa hivi kinatoka. Nikishafungua dripu, hakuna kurudi."

Wodi nzima ilimtazama kwa furaha. Mama yake naye alimtazama. Hakusema kitu, na hata angetaka asingeweza, maana kusema ni kuyafichua ya siku arobaini mbele ya kila mtu. Alitikisa kichwa tu, kidogo, kama anayemfukuza nzi. Uondoe. Mwambie autoe.

Shavu la Nakijwa lilikuwa bado linawaka. Lilikuwa ushahidi pekee aliokuwa nao ulimwenguni, na akautaka. Huo ndio ukweli wenyewe, wala tusiupambe. Alitaka kitu kimoja cha yule mtu wa zamani kibaki, ili asije akaambiwa kwamba aliota.

"Hakuna," alisema. "Huo mkono ni wake."

Akasaini. Dokta Bupe akafungua dripu, matone yakaanza kushuka, moja, moja, moja.

Wauguzi walitawanyika. Mzee alikuwa na furaha isiyo na mfano. Aliunyanyua mkono juu, akaushusha. Akaunyanyua tena, kiganja wazi, anacheka, meno yote nje, ute unamning'inia kidevuni.

"Mama Nakijwa, njoo uone! Karibu, njoo karibu!"

Mama alisogea na bakuli lake. Mkono ukapanda. Kichwa cha mama kikazama mabegani, macho yakafumba, na mchuzi wa makande ukamwagika kangani. Mkono ukashuka. Akafumbua. Mkono ukapanda tena, na tena akazama.

"Mbona unainama?" mzee aliuliza kwa upole, amechanganyikiwa kweli. "Mke wangu, mbona unainama?"

Mama aliweka bakuli mezani. Akachukua pamba, akajifuta kanga, halafu akamfuta mzee kidevu, akiwa amesimama upande wa kushoto wa kiti, ule ambao mkono haufiki vizuri. Alipomaliza alimgeukia binti yake.

"Treni yako ni saa ngapi?"

"Saa nane, mama."

"Basi nenda," alisema mama. "Usichelewe."